Santuri Tatu Ninazozirudia: Klasiki Zangu na Kiswahili Chetu

Katika fakulte yetu neno "klasiki" linasikika kila siku, na kila mtu analitumia apendavyo. Mwalimu wa fasihi akilitaja, anafikiria vitabu vilivyokaa katika programu ya masomo miaka mingi. Sisi wanafunzi tukilitaja jioni, tunafikiria nyimbo. Huyu anasema Franco, yule anasema Tabu Ley, wa tatu anasema Papa Wemba, na ubishi unaendelea hadi umeme ukatike. Nimekaa katika ubishi huo mara nyingi, nami nimeona jambo moja: majina yanayotajwa karibu yote ni ya Kinshasa, na nyimbo karibu zote ni za Kilingala. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, tena tunaosomea lugha za Kiafrika, tunapotafuta klasiki zetu tunakwenda kuzitafuta kwa jirani.

Sina ugomvi na Kilingala wala na wanamuziki wake. Bila wao Kongo isingejulikana kwa muziki kama inavyojulikana. Ila nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa na Wakongo zipo, ni nyingi, na baadhi yake zimesafiri mbali kuliko tunavyodhani. Katika makala hii nataka kueleza kwanza ninavyoipambanua klasiki na wimbo ninaoupenda tu. Kisha nitachukua wanamuziki watatu ninaowarudia, nionyeshe mwanafunzi wa isimu anasikia nini ndani ya nyimbo zao. Mwisho nitasema kwa nini kazi hii haifai kungoja.

Kupenda na kurudia

Albamu Tokooos ya Fally Ipupa ilipotoka mwaka wa 2017, nilikuwa bado shule ya sekondari. Tuliicheza kwenye simu mpaka betri zikaisha. Hata leo ikipigwa harusini sikai kitini. Ni albamu ninayoipenda, nami sioni haya kusema hivyo. Lakini siiti klasiki yangu, na sababu haimo katika ubora wake. Nikiisikiliza leo ninasikia kile kile nilichosikia wakati ule. Inanirudisha pale nilipokuwa, basi.

Klasiki kwangu ina vipimo vitatu. Kipimo cha kwanza: wimbo uendelee kusema kitu hata baada ya tukio lililouzaa kusahauliwa. Kipimo cha pili: kila ninapourudia nikiwa na elimu mpya, unijibu swali jipya. Kipimo cha tatu: niweze kumweleza mtu asiyeupenda kwa nini unastahili kusikilizwa, bila kumwambia habari za utoto wangu. Kipimo hiki cha tatu ndicho kigumu. Wengi wetu tukiulizwa kwa nini wimbo fulani ni mkubwa, tunajibu kwa kumbukumbu: baba alikuwa akiupiga Jumapili, au ulikuwa ukisikika siku ile tulipohama. Kumbukumbu ni mali ya mtu mmoja, na msikilizaji wa pili hana funguo ya nyumba hiyo.

Naziita "klasiki zangu" kwa makusudi. Simlazimishi mtu azikubali. Lakini nikiziita hivyo nimejifunga kutoa sababu, na sababu zangu ni za lugha, kwa kuwa lugha ndiyo ninayoisomea.

Ya kwanza: Mwenda Jean Bosco

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, mji wa ufalme wa Bayeke. Wasomaji wa hapa Katanga wanajua historia hiyo: M'siri na watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakajenga dola lao hapa katika karne ya 19. Mwenda alikulia katika eneo hilo, na mji wa gitaa lake ukawa Jadotville, ambao tangu mwaka wa 1966 unaitwa Likasi. Huko ndiko Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao Afrika ya Kusini, alikomrekodi mwaka wa 1952. Wimbo uliovuma kuliko yote unaitwa "Masanga", na ulitolewa kwenye santuri za kampuni ya Gallo, chini ya chapa ya Gallotone.

Mimi nilizikuta nyimbo zake kwenye kaseti ya babu mzaa mama, aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines kule Likasi. Ilikuwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na sauti ilikuwa imechoka. Kitu cha kwanza mtu anachokisikia ni gitaa. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutembea kwa hatua zake, kidole cha pili kinaimba juu, na mara kwa mara vyote viwili vinaachana na kukutana tena. Mtu asiyejua ataapa kwamba wapigaji ni wawili. Wataalamu nao walishangaa: David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu wa upigaji huo, sehemu mbili, mwaka wa 1961 na 1962, katika jarida la African Music. Kwa wakati ule, mwanamuziki wa mjini wa Kongo kuandikiwa uchambuzi wa kitaaluma wa noti kwa noti lilikuwa jambo adimu.

Sifa zake hazikuishia hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, akasikika redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Binamu yake Edouard Masengo naye alipita njia hiyo hiyo ya Nairobi. Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka wa 1990 katika ajali ya gari.

Sasa tuingie katika lugha. Jina "Masanga" peke yake linatosha somo zima. Mtu wa Kinshasa akilisikia anafikiria kinywaji, kwa sababu kwa Kilingala masanga ni pombe. Huku kwetu "masanga njia" ni njia panda, mahali barabara zinapokutana. Mbemba anajua kitenzi ukusanga, kukuta au kupata. Mluba anajua kusangana, kukutana. Neno moja limesimama katikati ya lugha nne, na kila msikilizaji analivuta kwake. Nilipokuwa mtoto lilikuwa jina tu. Nilipoanza kusoma isimu linganishi ya Kibantu, jina hilo hilo likawa swali: ni urithi wa shina moja, au ni maneno mawili yaliyogongana sauti? Hicho ndicho kipimo changu cha pili kikifanya kazi.

Batoto na watoto

Tuendelee na jina la mwanamuziki mwenyewe. Enzi ya Zaire, majina ya Kikristo yalipoondolewa, Mwenda Jean Bosco alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kiswahili cha vitabu kingesema "wa Wayeke". Tofauti hiyo ndogo ya ba- na wa- imeumiza watoto wengi shuleni katika jimbo hili, nami nimo. Katika shule moja niliyosoma, mwalimu alikuwa akipiga mstari mwekundu chini ya kila "batoto", "batu" na "banamuke", akiandika pembeni kwamba hicho ni Kiswahili kilichovunjika. Tulimwamini. Nyumbani tulisema "batoto", darasani tukaandika "watoto", na moyoni tukaamini kwamba mama zetu hawajui kusema.

Isimu inasema nini? Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu wameliunda upya umbo la zamani la kiambishi cha ngeli ya 2, yaani wingi wa watu, nao wamelipata kuwa ba-. Kiluba kina ba-, Kilingala kina ba-, Kibemba kina aba-. Wa- ya pwani ndiyo iliyobadilika: sauti b ililegea njiani ikawa w. Kwa hiyo "batoto" si "watoto" iliyovunjika. Ukitaka kupima kwa umri wa umbo, ba- ni mzee kuliko wa-.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, tusije tukaondoa hadithi moja ya uongo na kuleta nyingine. Kiswahili cha Katanga hakikukaa hapa tangu enzi za mababu wa Kibantu kikihifadhi ba-. Kilikuja na misafara ya biashara katika karne ya 19. Halafu wakati wa ukoloni kikatumiwa kama lugha ya kazi miongoni mwa wafanyakazi waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Rwanda-Urundi. Johannes Fabian ameieleza historia hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Watu waliokipokea Kiswahili walikuwa na ba- tayari katika lugha zao, wakaiingiza. Umbo ni la zamani, lakini limeingia kupitia mlango wa jirani. Tukieleza hivyo tunakuwa wakweli, na bado mstari mwekundu wa mwalimu unakosa msingi.

Ba- haiko peke yake. Sisi tunasema "katoto" na "tutoto" tukitaka kudogosha. Pwani wanasema "kitoto" na "vitoto". Viambishi ka- na tu- ni ngeli za 12 na 13 za Kibantu cha kale, ambazo Kiswahili sanifu kilizipoteza, kazi yake ikachukuliwa na ki- na vi-. Tunasema "banaimbaka" tukimaanisha kwamba ni desturi yao kuimba, pale ambapo pwani wanasema "huimba". Ile -ak- ya mwishoni ina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, na wanaisimu wanaihusisha na kiambishi cha kale cha mazoea. Tunasema "njo" pale wengine wanaposema "ndiyo" au "ndiye", na "kuya" badala ya "kuja". Kila moja ya hizi ina kanuni. Mtoto wa Katuba au Kenya akikosea kanuni hizo, wenzake watamcheka, na mahali penye kicheko cha namna hiyo pana sarufi.

Walimu wa isimu hawakungoja sisi tuligundue hilo. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi tangu miaka ya 1960. Mwaka wa 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima chenye maelezo ya sarufi na msamiati wake. Maandishi nayo yapo: Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, historia iliyoandikwa na André Yav mwaka wa 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa, ambayo Fabian aliichapisha mwaka wa 1990. Lakini angalia tarehe. Sauti ya Mwenda ya 1952 imeitangulia Vocabulaire kwa miaka 13. Kwa mtu anayetaka kusikia Kiswahili cha miji ya migodi kabla ya uhuru, kwa masikio yake, santuri hizi ni miongoni mwa mashahidi wachache tulio nao.

Shahidi naye ana mipaka

Shahidi mzuri huulizwa maswali. Wimbo si mazungumzo, na kuna mambo matatu ya kukumbuka kabla ya kuandika katika kazi ya mwisho wa mwaka kwamba "watu wa 1952 walisema hivi".

Kwanza, mwimbaji huinua lugha. Mtu anayejua kwamba sauti yake itauzwa hadi nchi nyingine anaweza kuchagua umbo linaloeleweka mbali, na kuacha lile la nyumbani. Ukisikia wa- na ba- katika kinywa kimoja, usikimbilie kusema amechanganyikiwa. Jiulize anamwimbia nani.

Pili, muziki unavuta silabi. Irabu inayorefushwa ili kujaza mapigo ya gitaa haituambii kitu juu ya urefu wa irabu hiyo sokoni. Toni nazo zinafuata mlio wa wimbo.

Tatu, mashine ina amri zake. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ulioweza kuchezwa nusu saa usiku ulikatwa uingie humo. Ndiyo maana katika kazi ya Mwenda ya miaka hiyo hatuwezi hata kuzungumza juu ya albamu kwa maana ya leo. Kulikuwa na wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mikusanyo tunayoipata sasa, kama ule wa lebo ya SWP uitwao Origins of Guitar Music, imepangwa na watu wengine miongo mingi baadaye kutoka katika rekodi za Tracey. Mpangilio wa nyimbo, jina la mkusanyo, hata wazo kwamba nyimbo hizi ni kitu kimoja, havikutoka kwa Mwenda. Anayeusifu mkusanyo huo anamsifu mwanamuziki, na pia mhariri.

Ya pili: Remmy Ongala

Kutoka Katanga twende kaskazini hadi Kindu, katika Maniema, ambako Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka wa 1947. Kiswahili cha huko ndicho kilichozoeleka kuitwa Kingwana. Mwaka wa 1978 alivuka kwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Watanzania wakampa jina la Dokta. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Albamu yake ninayoirudia ni Songs for the Poor Man, iliyotolewa na lebo ya Real World ya Uingereza mwaka wa 1989. Jina la jaladani ni la Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, lakini ndani anaimba kwa Kiswahili, na anayezungumziwa ni mnyonge: mtu asiye na kitu wala wa kumsemea.

Hii inapita kipimo cha tatu kwa urahisi. Ninaweza kumweleza mtu asiyependa rumba kwa kumwonyesha majina ya nyimbo peke yake. Chukua "Kipenda Roho". Ni nusu ya methali inayojulikana kote: kipenda roho hula nyama mbichi. Mwimbaji anatamka nusu, msikilizaji anamalizia nyingine kimoyomoyo. Sasa tazama umbo lenyewe. Ki-penda roho: kiambishi cha ngeli, kitenzi chenye -a mwishoni, halafu kijalizo chake, bila kirejeshi chochote. Umbo hili la zamani limebaki katika methali na katika maneno machache kama "kifungua kinywa" na "mchuma janga". Tunapokula kifungua kinywa hatufikiri sarufi, lakini ni muundo ule ule. Wimbo wa dansi unakibeba kiunzi hicho cha kale hadi kwenye ukumbi wa pombe, na hakuna anayeona uzito.

Chukua tena "Muziki Asili Yake Wapi". Mada imetangulia peke yake, kisha umiliki unairudia kwa "yake", kisha swali, bila kitenzi hata kimoja. Mwalimu wa sintaksia angehitaji ubao mzima kueleza mada na maelezo. Ongala ametoa mfano kwa maneno manne.

Nje ya albamu hiyo, kuna wimbo wake wa mwaka wa 1990, "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua watu na wengi wakiogopa hata kuutaja. Tafsida tunayoifundishwa kama pambo la lugha ilifanya hapo kazi ya kuokoa maisha. Neno la duka la nguo lilisitiri kitu kisichotajwa mbele ya wakwe, na kwa kukisitiri likakiwezesha kutajwa. Kipimo cha kwanza kinasema wimbo uendelee kusema baada ya tukio lake kupita. Huu bado unasema, maana kila ugonjwa unaokuja unakuta aibu imetangulia.

Kuna swali jingine linalonirudisha kwa Ongala. Mtu wa Kindu aliwezaje kuwa sauti ya wanyonge wa Dar es Salaam? Hakuacha asili yake, gitaa lake lilibaki la Kikongo waziwazi, lakini alijifunza kusema na waliokuwa mbele yake. Wanaisimu wanaita jambo hilo kujirekebisha kwa msikilizaji. Mtu mwenye Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha jukwaani ana lugha mbili mkononi, na kila moja ina mahali pake. Laiti tungeelezwa hivyo shuleni.

Ya tatu: Samba Mapangala

Wa tatu ametoka mbali zaidi na Kiswahili. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, katika nchi ya Kikongo, karibu na bahari ya Atlantiki. Alipitia Kinshasa, akaenda Uganda na kundi la Les Kinois, kisha akahamia Nairobi, ambako aliunda Orchestra Virunga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenzetu wa Goma watatabasamu: mtu wa Matadi, akiwa Kenya, analipa kundi lake jina la milima ya volkano ya Kivu. Albamu ninayoirudia ni Virunga Volcano ya mwaka wa 1990, yenye nyimbo zilizorekodiwa Nairobi, pamoja na "Malako" iliyomtangaza.

Mapangala ni tofauti na wawili wa kwanza kwa sababu Kiswahili alikikuta ukubwani. Anaimba kwa Kilingala, anaimba kwa Kiswahili, na wasikilizaji wa Nairobi walimpokea kwa lugha zote mbili. Wapo wanaoona kubadili lugha namna hii kuwa umaskini: mtu amekosa neno huku, amekimbilia kule. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa hapa kwetu katika kazi yake ya mwaka wa 1996, alionyesha kinyume. Watu wanapoingiza "donc" au "mais" katikati ya Kiswahili, neno hilo la kigeni linasimama kama kibao barabarani: linamwonyesha msikilizaji kwamba hoja inageuka hapa. Tofauti ya lugha ndiyo inayokifanya kibao kionekane.

Tangu nisome hilo, ninawasikiliza Wakongo walioimba Afrika ya Mashariki kwa sikio jingine. Ninauliza: lugha inabadilika wapi? Ni pale ubeti unapoisha na sebene kuanza? Ni pale mwimbaji anapowataja wenzake kwa majina? Ni pale anapotoka kusimulia na kuanza kumwambia mtu moja kwa moja? Sijamaliza kuhesabu, na sitatoa matokeo ambayo sijayapata. Ila swali ni zuri, mwanafunzi yeyote wa promosheni yetu anaweza kulifanyia kazi, na hahitaji pesa za safari. Anahitaji simu, daftari na masikio.

Kwa nini tusingoje

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika International Library of African Music, taasisi aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika ya Kusini. Ni bahati kwamba zipo. Lakini maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Likasi anayetaka kusikia sauti ya Likasi ya 1952 katika hali yake bora anaelekezwa nje ya nchi. Na hiyo ni sehemu iliyookolewa. Sehemu isiyookolewa iko majumbani kwetu: kaseti zilizonakiliwa, lebo zilizofutika, na wazee wanaojua nani aliimba nini.

Bibi yangu bado yuko Likasi. Kaseti ya babu haina maandishi hata herufi moja. Miaka michache iliyopita angeweza kukutajia kila wimbo, mtunzi wake na ukumbi ulikochezwa. Siku hizi anataja nusu, nusu nyingine anacheka na kusema, "Ule njo alikuwa anajua ni babu yenu." Utepe wa kaseti unaweza kusafishwa na kunakiliwa hata baadaye kidogo. Kumbukumbu ya bibi haina kifaa cha kuinakili isipokuwa mtu aketi naye na kuuliza.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Kila mmoja achague santuri au kaseti moja ya nyumbani anayoiita klasiki yake, aiandikie karatasi moja yenye majibu ya maswali matano. Nani anaimba, na anatoka wapi? Iliimbwa lini na wapi, kwa kadiri wenye nyumba wanavyojua, na ni nani aliyekuambia? Lugha zipi zimo, na zinabadilika wapi? Maneno gani matatu yamo ambayo hayako katika kamusi ya Kiswahili sanifu? Na la mwisho: wewe uliyeichagua, utamwelezaje mtu asiyeipenda?

Swali la tatu na la nne ni kazi ya isimu. Swali la pili linafundisha uaminifu wa vyanzo kuliko somo lolote la mbinu za utafiti nililohudhuria. Swali la tano litatuondoa katika ubishi wa majina na kutuingiza katika ubishi wa sababu. Karatasi thelathini za namna hiyo, zikikaa pamoja katika kabati moja la fakulte na nakala katika kompyuta, ni mwanzo wa maktaba ya sauti ambayo hatukuwa nayo.

Karatasi yangu ya kwanza nimekwisha kuianza. Sehemu ya jina la wimbo wa tatu, upande wa pili, bado iko wazi. Likizo hii nakwenda Likasi na redio ya kaseti niliyoazima, ili bibi asikie tena.